Mama Mapovu na gari lililovaa uso usio wake

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Mapovu ameshalowa hadi viwikoni. Ameinama juu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa maji, mikono miwili imekandamiza rejeta ya lori hadi chini, kama mtu anayemwogesha mtoto asiyetaka kuoga. Midomo ya rejeta imezibwa kwa vipande vya mpira. Mguu wake wa kulia unakanyaga pampu taratibu, macho hayabanduki majini.

Povu la kwanza linapanda upande wa kushoto, dogo kama punje ya mtama. Linafuatwa na mengine mawili.

"Huyo mmoja," anasema, akiikwaruza shaba kwa msumari kuweka alama. "Sasa tumsubiri ndugu yake. Hawa hawatembei peke yao."

Ndugu yake anajitokeza baada ya nusu dakika, karibu na mdomo wa chini. Dereva wa lori, aliyekalia debe na kikombe cha chai mkononi, anauliza kama kazi itachukua muda.

"Wewe kunywa chai," anajibiwa. "Gari limekulilia njia nzima, umefungulia redio. Acha na mimi nilisikilize kidogo."

Jina la Mama Mapovu alipewa na madereva, na limemganda kiasi kwamba hata msoma mita za maji humwita hivyo. Ana miaka sitini na mitatu. Ni fundi wa rejeta kwa mwaka wa thelathini na tisa sasa, katika banda lile lile la mabati lililobanwa kati ya duka la matairi na fundi anayeshona viti vya magari.

Ndani ya banda mna harufu ya asidi na moshi wa lehemu. Rejeta zimepangwa ukutani kama vitabu. Juu yake umening'inizwa ubao uliokuwa mlango wa kabati, na kwenye ubao huo mtu amechora kwa rangi nyeusi maumbo arobaini na moja: mengine yamechongoka juu, mengine ya mraba, mengine yamebinuka kama jiwe la kaburi, moja la duara kabisa. Chini ya kila umbo kuna jina la gari.

"Hizo ni nyuso," anaeleza. "Kwenye magari ya zamani rejeta ilikaa mbele kabisa, wazi, ndiyo uso wenyewe. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa akipokea rejeta ya gari la zamani, kabla hajaigusa anaichora. Alikuwa akisema gari unaweza ukalibadilisha rangi, ukalibadilisha viti, ukalibadilisha mwenyewe, lakini uso ni ule ule. Nikamwamini."

Ubao huo ndio uliompa kazi ya pili isiyo na malipo. Watu humletea picha za zamani, zile za rangi ya chai, zenye gari na watu waliosimama wima kama wanasubiri kupimwa urefu. Wanataka kujua jambo moja tu: hili lilikuwa gari gani?

Yeye huiangalia rejeta, akautazama ubao, akasema. Kwa miaka tisa ametambua magari hamsini na nane, na katika magari hayo alikosea moja. Kosa hilo ndilo analolipenda kuliko majibu sahihi yote hamsini na saba.

*

Hakuingia kwenye ufundi kwa kupanga. Aliolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, na kila mchana alikuwa akimpelekea baba mkwe chakula bandani. Mzee alikuwa fundi wa kutegemewa, ila macho yalishaanza kumtupa mkono. Rejeta anaiweka majini, mapovu yanatoka, yeye hayaoni.

"Siku moja akaniambia, mwanangu, weka hilo sufuria chini, niambie yanatokea wapi. Nikamwonyesha. Kesho yake tena. Baada ya wiki nikawa nakuja na chakula mapema ili niyaone mapovu yote," anasimulia. "Miezi sita ikapita, akanishikisha chuma cha kulehemia. Mama mkwe alinuna mwezi mzima. Alisema amemwoza kijana wake mke, si fundi."

Alifundishwa kusafisha shaba mpaka ing'ae, kupaka asidi bila kujiunguza, na kukata kiraka. Kiraka cha rejeta hukatwa kona zake zikazungushwa, kwa sababu kona kali hubanduka haraka. Lakini mkwe wake alikuwa na mtindo wake: anazungusha kona tatu, ya nne anaiacha kali vile vile, halafu anaigandamiza kwa lehemu nyingi zaidi.

"Kona hiyo inaelekea pale ufa ulipoanzia. Akija fundi mwingine baada ya miaka kumi, asihangaike kutafuta, ameshaelekezwa. Nilimuuliza nani alimfundisha, akasema mwalimu wake. Aliingia kwake akiwa na miaka kumi na mitano, akakaa naye miaka mitatu tu, mwalimu akafa kwa kifua. Na mimi mjinga sikuuliza mwalimu huyo aliitwa nani. Nilidhani mzee atakuwepo siku zote."

Mkwe huyo alifariki miaka saba iliyopita, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Mpaka leo, katika mafundi wote wa rejeta anaowajua, Mama Mapovu hajaona mwingine anayeacha kona moja kali.

Kazi yenyewe inasinyaa. Magari mapya yanakuja na rejeta za plastiki na alumini ambazo zikipasuka hutupwa. Zamani alikuwa akipokea rejeta kumi na mbili kwa wiki. Siku hizi akipata tatu anashukuru, na wiki nyingine anaweza asione hata moja. Kidole chake cha shahada cha kushoto hakihisi moto tena. Akikohoa, huweka kazi chini na kusubiri kikohozi kipite, halafu anaendelea alipoachia.

"Nimesomesha watoto watatu kwa mapovu," anasema. "Hakuna hata mmoja anayetaka kuyaona."

*

Kazi ya picha ilianza na mwenye mkahawa mmoja aliyekuja kutengenezewa rejeta. Alikuwa na picha ya zamani aliyotaka kuitundika ukutani, na ugomvi na rafiki yake kuhusu gari lililomo. Mama Mapovu aliitupia jicho akiwa bado ameshika koleo, akamtajia jina. Mwenye mkahawa aliondoka akicheka peke yake, na tangu hapo habari ikasambaa.

Ana taratibu zake. Haigusi picha mpaka akaushe mikono kwa kitambaa cha pamba. Hatozi, ingawa watu humwachia soda au mche wa sabuni. Kila picha huiandika kwenye daftari la shule: namba, uso, jina. Na kila picha huigeuza kwanza aone nyuma.

"Kuna nini nyuma? Hakuna kitu. Watu walilipa mpiga picha, wakavaa viatu vya kuazima, wakasimama juani nusu saa, halafu hakuna aliyeshika kalamu akaandika huyu ni nani," analalamika. "Kama wangeandika, mimi ningekuwa nimelala zangu."

Aliwahi kusumbuliwa siku mbili na picha ya gari lisilo na rejeta mbele, boneti imeteremka kama paa la kibanda. Alikuwa karibu kumwambia mwenye picha kwamba hilo ni jeneza lenye magurudumu. Ndipo akakumbuka umbo moja lililochorwa pembeni kabisa mwa ubao: Renault ya zamani, iliyoficha rejeta yake nyuma ya injini.

"Nilijiona mjuzi sana siku ile," anasema. "Nikaanza kuvimba kichwa."

*

Miezi minne iliyopita, muuguzi mstaafu alishuka kwenye bajaji mbele ya banda, bahasha imekumbatiwa kifuani. Mtaani wanamwita Sista. Ana miaka sabini na tisa, mgongo ulionyooka, na tabia ya kumwangalia mtu kama anayempima homa bila kipimo.

Picha aliyoleta ina gari moja na mwanamume mmoja. Mwanamume amesimama kando ya madigadi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkono mmoja umewekwa juu ya rejeta, wa pili umeshika kopo lenye mpini wa waya. Ni baba yake. Alifariki Sista akiwa hajatimiza miaka miwili, mama akaolewa kwingine, na hiyo ndiyo picha pekee.

Upande wa ukoo wa baba, hakuna aliye hai anayemkumbuka. Wanachojua ni picha, na kwa sababu ya kopo lile wamekuwa wakimwita Mtia Maji: yule kibarua wa tajiri mwenye gari, kazi yake kukimbilia maji injini inapochemka. Limekuwa jina la utani la familia nzima. Mtoto akitumwa maji, anaambiwa amerithi kazi ya babu.

"Walinitania nalo tangu nasoma darasa la kwanza," Sista anasema. "Sikukasirika. Kutia maji ni kazi. Lakini nilitaka kitu kimoja zaidi kuhusu baba yangu kuliko kopo."

Kilichomharakisha ni kitabu. Mtoto wa kaka yake wa ukoo, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekusanya habari za ukoo wao na picha zao kwa miaka mitatu, na kitabu kilikuwa kinakaribia kwenda kiwandani kuchapwa. Chini ya picha ya baba yake Sista paliandikwa mstari mmoja: "Mtia Maji, kando ya gari la tajiri wake." Sista aliomba angalau jina la gari liongezwe, mstari urefuke kidogo.

Mama Mapovu alikausha mikono. Rejeta ilikuwa imebinuka juu kama jiwe la kaburi. Hakufikisha hata dakika.

"Morris," alisema. "Ile ya zamani, ya pua ya mviringo. Hii hata mlevi anaijua."

Sista alishukuru, akaacha nakala iliyokuzwa na sabuni mbili, akaondoka. Mwalimu akaandika Morris.

*

Siku ya nne, Mama Mapovu aliichomeka nakala ile kwenye ubao, jirani na umbo la Morris, ili aione akiwa anakula. Tonge la pili halikufika mdomoni.

Bega la kushoto la rejeta ile lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Tofauti ndogo, upana wa ukucha. Kwenye ubao, mabega ya Morris yalikuwa sawasawa.

"Nikasema mkwe ndiye alikosea kuchora. Halafu nikaona aibu kumsingizia marehemu," anakumbuka.

Mumewe, dereva mstaafu ambaye madereva wenzake humwita Baba Mapovu bila huruma, alikuwa amekaa pale pale akisubiri sahani. Miaka thelathini ya kuendesha malori imemfanya ajue magari kwa upande mwingine: tumbo, miguu na kelele. Alisogea, akachukua kiberiti, akakilaza juu ya picha, kikaifunika rejeta yote.

"Haya," alimwambia mkewe. "Huyu amejifunika uso. Ni nani?"

"Toa kiberiti chako."

"Sitoi. Miaka arobaini unaangalia nyuso tu. Angalia miguu."

Aliangalia miguu. Chini ya pua ya gari kulikuwa na springi moja tu, imekingama juu ya ekseli kutoka gurudumu hadi gurudumu. Morris ina mbili, moja kila upande, zimelala kufuata urefu wa gari. Gari la springi moja iliyokingama mbele, kwa jinsi anavyolijua mumewe na kwa jinsi alivyolijua mkwe, lilikuwa Ford ya zamani, ile iliyojaa kila mahali.

"Basi nikajua nimemdanganya Sista," anasema. "Gari ni Ford, limevaa uso wa mwingine. Na ule uso si wa Morris pia, maana Morris hana bega lililoanguka. Kiwanda hakitengenezi bega limeanguka. Bega likianguka, ujue kuna mtu na nyundo."

Alichukua kioo cha kukuzia. Tanki la juu la rejeta lilikuwa limefinyangwa kwa mkono. Alama za nyundo zilionekana kama ngozi ya ndimu. Upande wa bega lililoanguka, shaba haikutosha, na fundi alikuwa ameunga kipande. Kipande kile kiling'aa kuliko sehemu nyingine. Kilikuwa na kona tatu zilizozungushwa. Kona ya nne ilikuwa kali.

Mama Mapovu alikaa chini. Mumewe anasema alidhani amepandwa na presha.

"Aliniambia nimletee maji," Baba Mapovu anasimulia. "Nikaleta. Hakunywa. Akaniuliza, lile kopo la baba liko wapi?"

Kopo la baba mkwe lilikuwa chini ya meza, nyuma ya mitungi mitupu. Kabla ya mitungi ya gesi, mafundi wa rejeta walitembea na jiko lao: kopo lililotobolewa matundu pembeni karibu na kitako, linatiwa makaa, chuma cha kulehemia kinalazwa humo kipate moto. Mpini ni wa waya ili mkono usiungue.

Alirudi kwenye picha na kioo chake. Alikagua kopo mkononi mwa mwanamume yule kuanzia juu kwenda chini. Karibu na kitako, mstari wa nukta nyeusi, moja, mbili, mpaka tano, halafu mviringo wa kopo ukazificha nyingine.

"Maji gani yanakaa kwenye kopo lenye matundu?" anauliza. "Watu wamemwita Mtia Maji miaka yote. Mtu amebeba moto."

*

Kitabu kilikuwa kinakwenda kiwandani Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne mchana.

Mtu mwingine angekimbia moja kwa moja. Mama Mapovu alifunga banda mapema, akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha jiko. Kukosea hakukumsumbua sana, ingawa alikuwa ameshajigamba mtaa mzima kwamba hajawahi kukosea. Kilichomkaba ni kingine.

"Sista ana miaka sabini na tisa. Nimeshampa jibu moja la haraka, likawa la uongo. Sasa niende nimpe baba mzima? Na kama nimekosea tena? Morris naweza kuifuta. Baba nitamfutaje?"

Mumewe alimsikiliza, akamwambia aende akaseme alichokiona na asitie chumvi. Yeye mwenyewe angembebea kopo. Jumatano asubuhi wakafunga safari kwa miguu, kopo limefungwa kwenye gazeti.

Nyumba ya Sista ina sebule ndogo yenye vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kiti na saa ya ukutani inayowahi dakika tano, kwa makusudi. Mwalimu alikuwepo, karatasi za kitabu zimetapakaa mezani. Mama Mapovu alikataa chai. Alisema akinywa atakosa pa kuanzia.

"Sista, nilikwambia Morris. Nilikosea."

Mwalimu aliinua kichwa. "Mama, wiki iliyopita ulimwambia Sista hata mlevi anaijua."

"Nilimwambia. Labda mlevi angeangalia vizuri kuliko mimi."

Aliwaonyesha springi. Aliwaonyesha bega. Halafu akafungua gazeti, akaliweka kopo mezani, juu kabisa ya karatasi za mwalimu, na kioo cha kukuzia pembeni. Hakueleza. Alisubiri Sista aangalie mwenyewe.

Sista alivaa miwani. Aliangalia picha, akaangalia kopo, akaangalia picha. Akapitisha kidole kwenye matundu ya kopo, moja baada ya jingine, akihesabu kimoyomoyo, kama alivyohesabu mapigo ya wagonjwa maisha yake yote.

"Hiki ni nini?" aliuliza mwishowe.

"Jiko la fundi wa rejeta. Hili lilikuwa la mkwe wangu. Lile ni la baba yako."

Akamweleza kuhusu kona. Akamweleza kuhusu mwalimu wa mkwe wake aliyekufa mapema kwa kifua, ambaye jina lake halikuulizwa. Kisha akasema neno ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima.

"Siwezi kuapa kwamba ndiye. Kona moja si cheti. Ninachoweza kuapa ni kwamba baba yako alikuwa fundi, na ile rejeta ni kazi ya mkono, na mkono wake ameuweka juu yake. Mtu haweki mkono vile kwenye kitu cha tajiri wake."

Mwalimu alichukua kalamu.

"Baba alikufa kwa kifua," Sista alisema. "Mama aliniambia hilo tu. Sijamwambia mtu mwingine, maana hakuna aliyeuliza."

Mama Mapovu alianza kuomba radhi tena kwa ile Morris. Sista akamkatiza kwa kiganja, kama alivyokuwa akiwakatiza wauguzi wanafunzi.

"Mimi nimekaa wodini miaka thelathini na minne. Daktari aliyerudi kitandani kwa mgonjwa akasema nilikosea, huyo ndiye niliyekuwa namwamini. Wengine niliwapa tu heshima yao," alisema. Kisha akalia, bila kujificha na bila haraka, na Mama Mapovu akalia pia. Baba Mapovu alitoka nje kwenda kuangalia kama mvua itanyesha, na anga ilikuwa nyeupe pee.

Mwalimu alifuta mstari wake. Aliandika mwingine, akausoma kwa sauti, Sista akauondolea maneno mawili, wakakubaliana. Kitabu kilitoka mwezi uliopita. Chini ya picha pameandikwa: "Baba yake Sista, fundi wa rejeta, na gari aina ya Ford. Rejeta ni kazi ya mikono yake. Kopo ni la makaa."

*

Leo asubuhi, dereva wa lori akiwa bado anakunywa chai yake, bajaji inasimama mbele ya banda. Sista anateremka, mwalimu anamfuata na nakala ya kitabu iliyofungwa kwa nailoni. Ni mara yake ya sita kuja tangu ile Jumatano. Huja, akapewa kiti cha fundi wa viti, akaangalia.

"Dada, kaa upande wa upepo," Mama Mapovu anamwambia. "Asidi hii nataka ife na mimi, siyo na wewe."

"Na wewe funga kitambaa puani. Nimeshakwambia mara ngapi? Kifua hicho ninakisikia kutoka barabarani."

Anakifunga. Ni Sista peke yake anayeweza kumwambia hivyo na akatiiwa. Mume amejaribu miaka ishirini bila mafanikio.

Kiraka cha lori kinakatwa. Mama Mapovu anazungusha kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu anamkabidhi Sista kipande cha shaba kilichobaki na mkasi. Wiki tatu sasa mwanamke huyu wa miaka sabini na tisa amekuwa akikata viraka vya mazoezi. Mikono iliyoshona majeraha haijasahau. Anakata polepole, anazungusha tatu, anasita.

"Inabaki ipi?"

"Ile inayoelekea ufa."

Sista anaigeuza shaba juu ya alama ya msumari, anaipatia, anaiacha kali. Mama Mapovu anakiangalia kiraka, anakilinganisha na chake, anakitupa chake kwenye debe la vyuma chakavu. Anawasha moto na kulehemu kile cha Sista kwenye rejeta ya lori. Dereva anauliza kama bibi ana leseni. Anaambiwa anywe chai.

Mipango ya Mama Mapovu si mikubwa. Anataka kuuchora upya ubao wa nyuso kabla rangi haijafifia, na kuongeza umbo la arobaini na mbili, lenye bega lililoanguka. Anataka mtu yeyote, awe mtoto wa nani, ajifunze ile kona kabla yeye hajaacha kazi. Amekwisha kumwomba mkuu wa chuo cha ufundi cha jirani ampe asubuhi moja kwa wiki, na mkuu amesema atafikiria. Atakwenda tena Jumatatu kumsaidia kufikiria.

Na anataka picha. Katika miaka thelathini na tisa hajawahi kupigwa hata moja akiwa kazini. Mwalimu anatoa simu, anasema ataisafisha leo hii na kuileta kesho kwenye karatasi ngumu. Mama Mapovu anakausha mikono kwa kitambaa cha pamba, anasimama kando ya rejeta ya lori, anaweka kiganja chake juu yake, karibu na kiraka. Mkono wa pili unanyooka chini ya meza na kuokota kopo la mkwe.

Sista anamfunga kifungo cha juu cha shati. Mwalimu anapiga mara tatu.

"Tayari, mama. Kesho asubuhi nakuletea."

"Bado hujamaliza," Mama Mapovu anamwambia, angali amesimama vile vile. "Geuza nyuma uandike. Andika jina langu, lile nililopewa na mama yangu, lote. Andika fundi wa rejeta. Andika kona amekata nani. Na uandike kopo ni la makaa, wasije wakaniita Mtia Maji."